Uboho wa Mfupa Mmoja

Maharage hayataki haraka, na hayataki chumvi mapema. Hayo nilifundishwa na mama, si shule. Shule niliishia darasa la nne huko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwa hiyo asiwepo wa kutegemea maneno makubwa hapa. Nataka kueleza jinsi mama alivyokuwa akipika supu ya maharage na mifupa ya mabaki pale Ujiji, na jinsi sufuria moja ya supu hiyo ilivyotutoa mjini. Majina ya watu siandiki. Ila waliofanya nitasema ni kina nani, kwa kazi zao na kwa walipokuwa wakikaa, na waliokaa nao watawajua.

Wa kwanza ni fundi baiskeli wa kijijini kwetu. Huyo ndiye aliyewaongoza wenye bunduki nyumba kwa nyumba. Kwetu alipajua vizuri kwa sababu alikuwa akija kuziba pancha za baiskeli ya baba, na akimaliza anapewa chai. Baba alikufa mlangoni siku hiyo hiyo. Sisi tuliobaki tulishuka ziwani usiku na watu wengine, tukapanda mashua mbili. Mama, dada yangu na mimi tulikuwa kwenye ya kwanza. Shemeji, mume wa dada, alibaki kwenye ya pili akiwapandisha wazee. Ya kwanza ilifika Kigoma. Ya pili hatujaiona mpaka leo. Dada alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba.

Ufukweni walikuwa wanaandika watu na kuwapakia malori kwenda makambini. Mama akakataa. Alikuwa amesikia kwamba huko wajawazito wanalala kwenye turubai na kipindupindu kinapita. Tukajipenyeza, tukatembea kwa miguu hadi Ujiji, maana Ujiji kuna watu wenye asili ya kwetu tangu zamani na Kiswahili chetu hakimshangazi mtu. Mjane mmoja, Mmanyema, akatupa chumba cha uani. Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, hitima, arobaini, yeye ndiye anayeitwa kusimamia masufuria. Kodi hakutaka, alitaka mikono. Tukawa tunamenya vitunguu, tunateka maji, tunasugua masufuria ya pilau ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani akaenea. Ujira wetu ulikuwa ukoko na mifupa.

Mifupa hiyo si ile iliyotafunwa na watu. Nalisema mapema kwa sababu nimeshaulizwa, tena kwa dharau. Ni ile inayobaki chini ya sufuria, nyama imeshaachia, na miundi, mifupa ya miguu, ambayo mpishi huikata na kuiweka kando kwa sababu haikai vizuri kwenye sinia.

Mama alifanya hivi. Maharage aliyachagua kwenye ungo, maana ya gunia yana vijiwe vinavyofanana nayo kabisa. Akayaloweka tangu jioni. Asubuhi akayachemsha mara moja akamwaga maji ya kwanza. Hayo, alisema, ndiyo yanayofanya tumbo lipige kelele mbele za watu. Mifupa aliiosha kwa maji ya moto kutoa bizari na mafuta ya jana, akaigonga vichwani kwa jiwe ifunguke, akaipanga chini kabisa na maharage juu yake. Maharage yakikaa chini yanashika. Mifupa ikiwa chini inayainua, na vyote vinaiva pamoja. Muundi wenye uboho hakuugonga. Aliuziba kila upande kwa donge la ugali mgumu ili uboho usivujie mchuzini.

Moto wake ulikuwa wa makapi ya chikichi, yale yanayobaki watu wakishakamua mawese. Yanawaka polepole na yana moshi wa kutoa machozi, lakini walikuwa wanayatupa, hatukuyanunua. Sufuria inakaa hapo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Maji yakipungua unaongeza ya moto. Ukitia ya baridi maharage yanagoma, hutayaivisha tena hata ukilia. Kitunguu, nyanya mbili. Mwisho chumvi na kijiko cha mawese. Yakianza kupasuka yenyewe na mchuzi ukishika mwiko, umemaliza.

Sasa huyo wa pili. Wa pili ni balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule, mzee wa kofia, nyumba yake ya tatu kutoka kwetu ukielekea sokoni. Kazi yake ilikuwa kujua nani analala wapi. Mkimbizi kukaa mjini bila kibali lilikuwa kosa, na yeye alitugundua wiki ya pili. Aliingia uani saa nane, mama anapakua.

"Shikamoo, Mzee," tukasema wote watatu kwa mpigo.

"Marahaba. Nyinyi mahali penu ni kambini, mnajua?"

"Tunajua, Mzee," mama akasema. "Karibu ule kwanza, ndipo utufukuze."

Alikula amesimama. Kisha akaomba kigoda. Mama alikuwa amemwekea ule muundi, na yeye akatoa donge la ugali kwa kidole, akaugonga mfupa kwenye ukingo wa sahani, akavuta uboho wote mara moja kwa sauti. Akafunga macho. Alipoondoka hakusema tubaki wala tuondoke.

Tangu siku hiyo, kila mama akipika mifupa bakuli la kwanza lilikwenda kwa balozi, na muundi ndani yake. Makubaliano hayakuwepo. Mimi ndiye niliyepeleka. Bakuli lilirudi na mfupa ndani, mweupe na mtupu, na mwenye nyumba wetu alikuwa akiuangalia anasema, "Huyu mzee, mbwa wa mtaa huu wamshitaki, anawadhulumu." Tulicheka. Miezi mitano tulicheka hivyo.

Dada akajifungua chumbani kwetu, mtoto wa kike, kwa mikono ya mama na ya mwenye nyumba. Hospitali tusingethubutu, wangetuuliza karatasi. Mtoto alikuwa mzima, analia vizuri. Lakini siku ya kwanza maziwa hayakutoka, ya pili hayakutoka, ya tatu yalitoka matone ya kulowesha kidole tu. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anarudi. Dada alikuwa amekonda, na tangu mashua ile ya pili alikuwa anakula kama anayemeza dawa. Mama alimkanda kwa maji ya moto, akampa uji wenye pilipili manga, na bado.

Kwetu dawa ya hapo inajulikana. Mzazi anapewa supu ya maharage iliyopikwa na mifupa mpaka mchuzi uwe mzito, na uboho ni wake. Baba mkwe angoje, mgeni angoje, hata awe nani. Uboho unaingia kwa mzazi kwanza, ndipo wengine wanagawana kilichobaki, na nyumba nzima inaona fahari kuusema: leo amekula mzazi. Ukitaka kumpa mtu heshima unamletea kilichopita mkononi mwa mzazi, kwa maana kina baraka.

Wiki hiyo kulikuwa na shughuli moja tu, arobaini ya watu maskini, ng'ombe nusu. Mwenye nyumba alirudi na mifupa michache na muundi mmoja. Mmoja tu. Akauweka juu ya ungo, na yeye na mama wakauangalia.

"Shoga," mwenye nyumba akasema, "mzee mpelekee muundi wake. Mzazi mpe mchuzi, mchuzi una nguvu vilevile."

"Kwetu mzazi hapewi kilichobaki kwa mwanaume."

"Kwenu ni ng'ambo. Hapa ni Ujiji na yule ni balozi."

"Ana uchungu gani yule? Amezaa?"

Mwenye nyumba akacheka bila kutaka. "Hajazaa. Lakini akikasirika utazaa wewe."

Mama akauchukua muundi kwenye ungo. Kesho yake alipika kwa makini kuliko siku zote, kuanzia alfajiri, na mimi nikipuliza makapi mpaka macho yakavimba. Ilipoiva alitoa muundi, akauzibua, akaugonga kwenye bakuli la dada. Uboho ukateleza ukaanguka juu ya maharage, unatetemeka. Dada akala wote, akanywa mchuzi bakuli mbili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kongo nimwone akilamba kijiko.

Kisha mama akafanya kosa, na mimi nikalimalizia. Yeye aliuchukua ule muundi mtupu, akaurudisha kwenye bakuli la balozi, akamwagia supu. Kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko siku nyingine zote: mfupa uliomlisha mzazi. Mwenye nyumba alikuwa amekwenda dukani. Angekuwepo angemshika mkono. Nikapeleka.

Balozi alikuwa barazani na wazee wawili, wageni wake. Nikasalimia, nikaweka bakuli. Akawaambia wenzake, "Ngojeni mwone ninavyotunzwa." Akashika muundi, akaugonga ukingoni. Kimya. Akaugonga tena. Akauweka mdomoni akavuta, ikatoka sauti ya upepo tu.

Mmoja wa wale wazee akasema, "Balozi, leo wamekuletea filimbi. Hebu piga tuchezee."

Wote wawili wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Balozi akanigeukia, anatabasamu.

"Binti, uboho wangu uko wapi?"

Ningesema umemwagika. Ningesema sijui. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijiona naleta habari njema. Nikasema kwa sauti, kifua mbele, "Amekula dada, Mzee. Amejifungua mtoto wa kike. Kwetu mzazi ndiye anayeanza, na wewe umekuwa wa pili."

"Heeh!" akasema yule wa filimbi. "Kumbe unakula nyuma ya mwanamke wa kitandani!"

Balozi akaurudisha mfupa kwenye bakuli taratibu. "Hongereni sana," akasema. "Sasa mmekuwa wangapi mle chumbani?"

"Wanne, Mzee."

"Wanne," akarudia.

Nyumbani nilieleza yote, na mama alifurahi kwamba ametupongeza. Mwenye nyumba aliporudi akasikia, alikaa chini na kapu lake la vitunguu mkononi. "Mfupa mtupu? Mbele ya wageni?" akauliza. "Shoga, bora ungempelekea jiwe." Jioni akabeba sahani ya wali na samaki akaenda kuomba radhi. Alirudi nayo ikiwa imejaa. Alisema balozi amempokea vizuri mno, amemkaribisha kiti, amesema ameshiba. Hilo la kushiba ndilo lililomtisha.

Asubuhi yake maziwa yalitoka. Sisemi ni uboho, sisemi si uboho, mimi si mganga. Dada aliamka kanga imelowa kifuani akatuita kwa hofu, akidhani ni jasho la homa. Mtoto alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni, maziwa yanamtoka pembeni. Mama akaniambia nichague maharage mengine haraka, na mwenye nyumba akaenda buchani kuomba mifupa kwa jina lake. Siku tatu dada alikunywa supu asubuhi na mchana, na siku tatu mtoto hakulia kwa njaa.

Siku ya nne lori likasimama njiani. Mgambo wawili na karani mwenye karatasi. Balozi alisimama kwenye kona, hakuingia uani. Sufuria ilikuwa motoni, maharage yanakaribia kupasuka, chumvi bado.

Mwenye nyumba alitoka nje bila mtandio, na kwa mwanamke wa Ujiji wa umri wake hilo si jambo dogo.

"Umewaleta wewe!"

"Mama, mimi natekeleza sheria."

"Sheria ilikuwa wapi miezi mitano ulipokuwa unanyonya mifupa ya uani kwangu? Ilikuwa imelala? Leo imeamka kwa sababu umekosa uboho?"

Watu walikuwa wameshatoka milangoni. Hakuna aliyecheka. Balozi alitazama viatu vyake akamwambia karani, "Ni wanne. Mmoja ni mchanga."

Mgambo mmoja alisema sufuria haipandi kwenye lori, ina moto. Mwenye nyumba akaimimina supu na mifupa yake yote kwenye ndoo yenye mfuniko, akatia chumvi ngumi moja, akaikoroga kwa mpini wa mwiko hapo hapo barabarani, akanipandishia. Dada alikunywa njia nzima. Maharage yalikuwa magumu kidogo, yanalia menoni. Aliyameza.

Kambini walitupa turubai, blanketi na maharage. Ndiyo, maharage tulipewa, mengi tu, ya zamani, makavu kama kokoto. Unayachemsha kutwa na jioni bado yanaruka ukiyabonyeza. Kuni zilikuwa za kufuata mbali. Mifupa haikuwepo popote. Nyama tuliiona kwa waliokuwa na chochote cha kuuza. Mama aliihifadhi ile mifupa ya kwenye ndoo. Akaichemsha na maharage ya kambi, akaitoa, akaianika, kesho akaichemsha tena. Mara ya kwanza mchuzi ulikuwa na jicho moja moja la mafuta. Baadaye ilikuwa inatoa maji yenye rangi tu, na mifupa imekuwa kama chaki, lakini mama aliendelea, anaichemsha na anamwambia dada, "Kunywa, ni ya mifupa."

Wiki ya pili dada alishikwa na malaria. Alitetemeka siku tano. Homa ilipotoka matiti yake yalikuwa yamelala, hayana kitu. Mtoto alilia mpaka sauti ikabadilika, ikawa ndogo, kavu, kama ya paka. Maziwa ya kopo kwenye zahanati walisema ni kwa yatima. Mama akawaambia baba wa mtoto yuko ziwani. Wakasema anatakiwa awe yatima wa mama.

Turubai la jirani alikaa mwanamke wa Kirundi mwenye mtoto wa mwezi mmoja na wengine watatu. Hatukuwa tunaelewana zaidi ya salamu. Siku hiyo alikuja, akasimama mlangoni, akanyoosha mikono. "Zana umwana," akasema, yaani lete mtoto, na ishara ya mikono ilitosha. Mama akamtazama dada. Dada akageuza uso kwenye turubai. Mama akampa mtoto, yule mwanamke akakaa pale pale chini, akamweka mtoto wetu upande mmoja na wake upande wa pili. Tulisikia kumeza.

Mtoto alipona. Alinyonya kwa mama yule mwaka na nusu. Dada alimwogesha, alimbeba, alimshonea gauni kwa kitambaa cha gunia, lakini njaa ikimshika mtoto alikuwa anatambaa kwenda turubai la pili. Alipoanza kusema, mtoto wetu alimwita yule wa Kirundi mama, kama watoto wenzake walivyomwita. Na wale watoto walikuwa wanamwita dada yangu mama mdogo, kwa heshima, kwa hiyo mtoto wetu naye akamwita dada hivyo hivyo. Dada alimsahihisha. Mtoto alitikisa kichwa kukubali, akasahau kabla hajafika mlangoni. Yule mwanamke naye alimsahihisha, kwa Kirundi, tena kwa kumfinya, haki yake nampa. Haikusaidia. Dada hakuzaa tena.

Sasa tuko Gungu, hapa Kigoma mjini, mimi, dada na mtoto huyo, ambaye ni mtu mzima na anauza mawese. Mama tulimzika kambini. Mpaka anakufa alisema kosa ni lake, alipeleka mfupa mtupu. Mimi nilimwambia ni langu, nilifungua mdomo barazani. Tulibishana hivyo miaka. Sasa naona tulikuwa tunambebea mtu mzigo wake. Mama alikosea adabu za Ujiji, mimi nilikosea maneno, na kwa makosa hayo mtu mwenye akili anakununia wiki moja. Aliyemchukua mzazi wa wiki moja akampakia lori ni balozi wa nyumba kumi, nyumba ya tatu ukielekea sokoni, na alifanya hivyo kwa kuchekwa na wazee wawili.

Kanisani wananiambia nisamehe, mtoto si alipona? Alipona kwa mwanamke wa Kirundi. Balozi hayumo humo hata kidogo. Nasikia alishafariki, na kwamba alizikwa na watu wengi.

Asubuhi huyu binti yetu akiondoka na madumu yake anapita chumbani kwa dada kuaga. Anajua ukweli wote, ameambiwa tangu akiwa mdogo, hakuna siri. Lakini ulimi umeshazoea. "Mama mdogo," anaita, "nimetoka."

Na dada anaitika.